Kuku wawili wa Ijumaa: mama wa Uvira na bei za duka la kosher

BALTIMORE – Risiti mbili zilikuwa juu ya meza ya jikoni, moja ya dola 88, nyingine ya dola 139. Orodha ya vitu ilikuwa ile ile, mwandiko ule ule wa bibi mzee, na aliyetumwa sokoni ni mtu yule yule. Kijana wa yule bibi, mwanaume wa miaka hamsini na kitu aliyekuja kumtembelea mama yake kutoka mji mwingine, aliziweka karatasi hizo moja pembeni ya nyingine, akazitazama kwa muda mrefu. Hakupiga makelele. Alisema tu kwamba kuanzia wiki ijayo ataagiza vitu mwenyewe kwa intaneti, na kwamba mama wa Uvira hatahitaji tena kushika feza.

Kiingereza cha mama huyu bado ni cha kuokota njiani, lakini hayo aliyaelewa yote. Alielewa hata ambayo hayakusemwa. Dola 51 zimepotea, na nyumba hiyo ina watu wawili tu: kikongwe asiyetoka nje, na mgeni mweusi anayetoka na pochi.

Ni mzaliwa wa Uvira, upande wa Mulongwe. Vita vilimtoa huko akiwa msichana, akavuka ziwa, akakaa miaka kumi na minne katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na kutoka hapo akapelekwa Marekani na watoto wanne. Kazi aliyoipata ni ile wanayoipata wamama wengi wa kwetu walioko kule: kulinda wazee majumbani. Kuosha, kupika, kukumbusha dawa, kwenda sokoni. Bibi aliyepewa ni Myahudi, mjane, anayekaa kaskazini-magharibi ya mji wa Baltimore, karibu na barabara ya Park Heights, eneo ambalo siku ya Jumamosi utaona familia nzima zikitembea kwa miguu kwenda sinagogi, magari yameachwa nyumbani. Mama wa Uvira ni Mwadventista. Alipoambiwa kwamba katika nyumba hiyo Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, alimshukuru Mungu. Hakuna bosi atakayemuuliza kwa nini hafanyi kazi Jumamosi. Tangu wiki ya kwanza alimwita yule bibi « koko », na bibi alipoelezwa kwamba kwa Wakongomani wengi ndivyo mtu anavyomwita nyanya yake, alikubali jina.

Hata sheria za chakula hazikumtisha. Mambo ya Walawi, sura ya 11, aliisoma tangu utoto. Samaki awe na mapezi na magamba. Kwao Uvira kambale hakuingia jikoni kwa sababu hiyo, ingawa majirani walimla na kumsifu. Nguruwe, hapana. Kwa hiyo alijiona amefika kwa watu wa kwao. Kosa lake lilianzia hapo, maana kujua mnyama gani analiwa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni nani amemchinja, kwa kisu gani, na nani alikuwa amesimama hapo akitazama.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili. Mwezi huo jua la Baltimore linazama kabla ya saa kumi na moja ya jioni, na duka la kosher hufunga mapema ili wafanyakazi wawahi nyumbani. Mama alifika akakuta mlango umefungwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na supamaketi ya kawaida, kubwa, taa zinawaka. Akaingia na orodha yake, akanunua kila kitu: kuku wawili, nyama ya ng'ombe, jibini, mkate, maziwa, mayai, vitunguu, matofaa, kahawa, mafuta, karatasi za choo. Dola 88. Akatoka na furaha, kwa sababu alijua ameokoa feza.

Koko alipowaona wale kuku kwenye mfuko hakukasirika. Aliomba tu wasiingizwe kwenye frigo na wasiguse sufuria yoyote. Jioni hiyo ya Sabato, badala ya kuku, bibi wa miaka 86 alikula mayai ya kuchemsha na samaki wa kopo. Mama alitaka kuku na nyama zikatwe kwenye mshahara wake. Koko alikataa, akamwambia apelekee watoto. Kwa hiyo kuku wale walipanda basi, wakavuka mji, na watoto wanne walikula vizuri Ijumaa ile bila kujua wamekula matatizo ya mama yao.

Wiki iliyofuata hakutaka kurudia kosa. Alienda mapema, na kila kitu akakinunua ndani ya duka la kosher, hadi karatasi za choo. Dola 139. Hizo ndizo risiti mbili alizozikuta kijana kwenye meza.

Usiku ule alimpigia simu yaya wake aliyebaki Uvira. Yaya alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliuliza:

– Mudogo yangu, kuku ni kuku. Huyo wa dola nne anataga dhahabu?

Halafu akauliza kama hao ni Wayahudi wa kwenye Biblia au ni jina tu. Kama angekuwa mzee wa Lubumbashi asingeuliza. Kule sinagogi iliyojengwa wakati wa Wabelgiji ingali imesimama, na wazee wanakumbuka maduka ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes.

Lakini swali la kuku lilikuwa la haki, na kesho yake mama alilipeleka kwa koko. Koko aliomba zile risiti, akavaa miwani, akachukua kalamu. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, na siku hiyo ilionekana. Alipiga mstari chini ya vitu vinne tu. Kuku: tofauti ya dola 15 kati ya risiti ya kwanza na ya pili. Nyama ya ng'ombe: dola 8. Jibini: dola 4. Mikate miwili ya Sabato: dola 4. Jumla, 31. « Hizi, alisema, ni za Mungu. » Kisha akazungushia duara vitu vingine vyote, vitunguu, matofaa, kahawa, mafuta, mayai, karatasi za choo, maziwa, ambavyo pamoja vilileta dola 20. « Hizi ni za duka. »

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima, na wengi, hata Wayahudi wenyewe, hulipia miaka mingi bila kulipata. Bei ya juu ya kosher haikutawanyika dukani kote. Imekaa kwenye rafu chache.

Tuanze na zile 31. Kuku wa kosher ambaye ratili moja yake, ambayo ni chini kidogo ya nusu kilo, mama aliinunua karibu dola 4, wakati yule wa ng'ambo ya barabara hakufika dola 2, amepitia mikono mingi. Anachinjwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na kupewa ruhusa ya marabi. Kisu kinakaguliwa kwa ukucha, kwa sababu hata pengo dogo kwenye makali linaharibu kuchinja kote. Kisha nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi na kuachwa saa moja ili damu itoke, inasafishwa tena na tena. Ndiyo sababu kuku huyo akifika jikoni tayari ana chumvi; mama aliyemtia nyingine mara ya kwanza alimfanya koko anywe maji usiku kucha. Kwa ng'ombe ni zaidi: mapafu yanakaguliwa, na yakionekana na kasoro mnyama mzima anauzwa kwa soko la kawaida. Anayepita naye haliwi wote. Msomaji anakumbuka Yakobo alivyoshindana usiku kucha hadi nyonga yake ikateguka, katika Mwanzo 32. Kwa sababu ya habari hiyo Wayahudi hawali mshipa wa paja. Kuutoa pamoja na mafuta yaliyokatazwa ni kazi ndefu ya mtu mwenye ujuzi, kwa hiyo Marekani machinjio mengi huona afadhali kuuza sehemu ya nyuma yote kwa wasio Wayahudi. Gharama za ng'ombe zinabebwa na mabega yake.

Na kila mahali kuna msimamizi anayelipwa ili asimame na kutazama: machinjioni, kwenye kiwanda cha jibini, kwenye tanuri, kwenye bucha ya duka lenyewe. Mama wa Uvira alipoelezwa hayo alicheka. Nyumbani, ukiwa na mgeni Mwislamu na unataka ale kuku wako, unamwita jirani Mwislamu aje achinje. Anakuja na kisu chake, anasema Bismillah, anakunywa chai, basi. Hakuna anayeandika fakitire. Imani ya jirani inakufikia bure kwa sababu unamjua, unajua baba yake, na akikudanganya mtaa wote utajua. Katika mji wa watu laki kadhaa wasiojuana, uaminifu huo huo unahitaji mshahara, muhuri na mtu wa zamu, na vyote vitatu vinaingia kwenye bei ya kuku.

Zile dola 20 ni hadithi nyingine, na dini haimo. Tunda bichi na kitunguu kizima havihitaji rabi yeyote. Sukari, chumvi, mchele mkavu, mayai, ni hivyo hivyo. Tena katika supamaketi za kawaida za Marekani, bidhaa nyingi za viwandani tayari ni kosher: ukigeuza chupa ya kechapu au pakiti ya biskuti utaona alama ndogo, herufi U ndani ya duara, au herufi K ndani ya nyota, ambayo ni alama ya shirika la Star-K, lenye makao hapo hapo Baltimore. Kampuni inalipia ukaguzi mara moja, gharama inagawanywa kwa mamilioni ya chupa, na mnunuzi haisikii. Wanunuzi wengi wa Marekani wanakula kosher kila siku bila kujua. Chupa hiyo hiyo ikiuzwa ghali zaidi katika duka la kosher, si kwa sababu imebarikiwa zaidi. Ni kwa sababu duka dogo linanunua makatoni ishirini mahali ambapo lile kubwa linanunua malori, linafunga Ijumaa mchana na Jumamosi yote ambayo kwa wengine ni siku ya mauzo makubwa, na kodi ya nyumba haifungi. Mwenye duka anajua pia kwamba mteja aliyekuja kwa ajili ya kuku hatakuwa na nguvu ya kuvuka barabara kwa ajili ya kahawa. Anayeuza maji kwenye kituo cha basi cha Kavimvira anaijua hesabu hiyo vizuri.

Maziwa yako katikati, na yanategemea nyumba. Kuna Wayahudi wanaokunywa tu maziwa yaliyokamuliwa mbele ya Myahudi, na hayo ni ghali. Wengine wanafuata hukumu ya Moshe Feinstein, rabi mkubwa wa New York aliyefariki 1986, kwamba usimamizi wa serikali ya Marekani juu ya maziwa unatosha. Koko alikuwa wa hao wa pili, wakati jirani yake wa mlango wa pili alikuwa wa wale wa kwanza. Ndugu wawili wa dini moja, kwenye ngazi moja ya nyumba, wana bei mbili za kikombe cha chai.

Mama aliyasikiliza yote hayo, kisha akauliza lile lililomkaa kooni. Kama koko anajua hesabu hii, kwa nini kijana wake haijui?

Koko alinyamaza kidogo. Kijana aliacha kula kosher tangu alipoenda chuo kikuu. Yeye ananunua kuku wa dola mbili, na anadhani dunia yote inanunua hao. Miaka yote koko alijinunulia mwenyewe, na pensheni ilipokuwa fupi alichota kwenye akiba, dola 30 wiki hii, 30 wiki ijayo, bila kumwambia mtu, kwa sababu alijua jibu atakalopewa: Mama, katika umri wako, kwani Mungu atakuhesabia kuku? Msaada wa chakula wa serikali haukumsaidia kuliziba pengo. Kadi hiyo inahesabu watu wa nyumbani na mapato yao. Haiulizi unasali wapi. Anayekula kosher anapewa kiasi kile kile na anafika haraka mwisho wa kadi, na katika jengo analokaa mama, familia za Maniema zinazotafuta nyama halali zinaifahamu hali hiyo. Kisha mwaka uliopita koko alianguka bafuni, kijana akachukua hesabu za benki, na siri ikabaki bila mtu wa kuibeba. Ikamwangukia aliyekwenda sokoni.

Ni lazima isemwe wazi kwamba koko alikosea hapo. Mtu anayepokea mshahara wa saa, ambaye ada ya shule ya watoto wa yaya wake huko Uvira inategemea saa hizo, hawezi kuachwa aitwe mwizi ili bibi asigombane na mwanawe. Wakala wa kazi hizi hahitaji ushahidi mwingi. Neno moja la familia linatosha, na jina likishaharibika nyumba nyingine haikuiti. Mama hakumwambia koko maneno hayo. Alikunja zile risiti, akaziweka kwenye mkoba wake, akaenda kuosha vyombo. Koko alitazama mgongo wake kwa dakika nyingi.

Wanawake wa Kiyahudi hawakuwa siku zote wanyamavu juu ya bei hii. Mwezi wa tano 1902, huko New York, nyama ya kosher ilipanda kutoka senti 12 hadi senti 18 kwa ratili. Wamama wa mitaa maskini ya Lower East Side, wakiongozwa na wanawake kama Fanny Levy na Sarah Edelson, walisusia mabucha, wakaingia barabarani kwa maelfu, wakatupa nyama chini na kuimwagia mafuta ya taa ili asiwepo wa kuiokota. Wengi walikamatwa na polisi. Hawakusema kwamba wataacha kosher. Walisema kwamba mtu asiye na duka jingine la kwenda asikamuliwe kwa sababu hiyo. Koko aliijua habari hiyo tangu utoto, na labda ndiyo iliyomrudia jioni ile, au labda ni mgongo wa mama kwenye sinki. Alichukua simu.

Mama alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na si maneno yote. Alisikia namba: kumi na tano, nane, nne, nne. Alisikia « miaka sita », na baadaye « hapana, si yeye, ni mimi ». Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha koko akasema kwa sauti ya mwalimu kwamba Ijumaa atakula kuku, na kwamba jambo hilo halijadiliwi.

Kijana hakuomba msamaha, angalau si kwa mdomo. Alituma ujumbe kwamba ile habari ya kuagiza kwa intaneti isahauliwe. Tangu hapo mama anakwenda sokoni mara mbili. Alhamisi duka la kosher: kuku wawili, nyama ya mabega kwa ajili ya ile sufuria ya maharage inayokaa motoni usiku wote wa kuamkia Sabato, ambayo mama anasema haikosi kitu ila pilipili ya kwetu, jibini, mikate miwili. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya barabara, vilivyobaki vyote, akigeuza kila pakiti kutafuta alama. Wiki ya kwanza risiti zote mbili zilifika dola 119. Alizibandika kwenye mlango wa frigo na sumaku, mahali ambapo mtu yeyote akiingia atazisoma, na hajaacha kuzibandika hata sasa.

Kwa kuku wake mwenyewe anaendelea kwenda ng'ambo ya barabara. Mara moja tu, baada ya sikukuu, duka la kosher lilishusha bei, akanunua mmoja na kumpeleka nyumbani. Watoto walisema ana chumvi.

Majira ya Pasaka ya Wayahudi yalipokaribia, ambapo hata bidhaa za kawaida za kosher huwekwa kando na nyingine zenye ukaguzi wa juu zaidi kuletwa, na matza ya kutengenezwa kwa mkono inauzwa bei inayomfanya mtu asome kibandiko mara mbili, kijana aliandika ujumbe kumuuliza mama wa Uvira, si koko, atume kiasi gani. Mama alikuwa kwenye kituo cha basi. Alijibu: mara mbili ya kawaida, na nyama haijahesabiwa. Feza zilifika kabla ya basi.